Kazini na Bi Masjala: Fundi anastaafu Desemba, na siri ya mashine iko vidoleni mwake

Wasomaji wapya wananiuliza jina hili nimelitoa wapi. Nilianza kazi mwaka 1984, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali Tanga, kisha nikahamia kiwandani kushika stoo ya vipuri mpaka nilipostaafu. Miaka 31 jumla, ya mafaili, leja na bunda la funguo kiunoni. Vijana wa kiwandani ndio walionibandika hilo la Bi Masjala, kwa kejeli, nami nikalipenda. Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kilio cha aina moja: kazi imelala kwa sababu anayejua hayupo, au kinachojulikana hakionekani kilipowekwa. Nimechagua nne.

*

Shikamoo Bi Masjala. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti hapa Singida. Tunaye fundi mmoja, sote tunamwita Babu, anatimiza miaka 60 Desemba hii. Mashine zetu tatu za kukamua anazijua yeye tu. Akienda msibani siku mbili, mafuta yanapungua na mota zinajizima kila mara. Mwaka jana uongozi ulinunua programu ya kompyuta ya kuhifadhi ujuzi wa kampuni, na kila fundi anatakiwa ajaze fomu baada ya matengenezo. Fomu ina visanduku 27. Mpaka leo zilizojazwa zikaeleweka hazifiki kumi. Meneja anasema mafundi ni wakaidi. Babu naye nikimwuliza siri ya zile mashine ananijibu, "Utaona tu, mwanangu." Nifanyeje kabla hajaondoka?
*Msimamizi wa zamu, Singida*

Marahaba mwanangu. Niache nianze na hiyo fomu, maana tunafahamiana nayo ingawa sijawahi kuiona. Fomu ya visanduku 27 haikutungwa na mshika spana. Imetungwa ili mtu wa ghorofani apate ripoti. Sasa fundi anaijaza saa ngapi? Zamu imekwisha, mikono ina grisi, gari la wafanyakazi linapiga honi getini. Ataandika "imetengenezwa" akimbie. Na mashine ikikwama saa nane za usiku, nani atapanda ofisini, awashe kompyuta, abahatishe nywila, ili hatimaye asome "imetengenezwa"? Atampigia Babu. Wewe mwenyewe ungempigia Babu. Huo si ukaidi, watu wamepiga hesabu ya muda wao.

Yuko Mmarekani mmoja, Julian Orr, msomi wa tamaduni za watu, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Xerox kule California. Miaka ya 1980 aliwafuata mafundi wa mashine za fotokopi kwa wateja wao, kama wenzake wanavyokwenda kuishi na watu wa visiwa vya mbali. Kampuni iliwapa mafundi wale vitabu vya mwongozo: ukiona namba hii ya hitilafu, fanya hivi, kisha vile. Lakini mashine ina tabia ya kuharibika kwa namna ambayo kitabu hakikuiwaza. Hapo Orr aliona mafundi wanategemea hadithi. Wanakutana kula, mmoja anaanza, "Ile mashine ya mteja fulani juzi nusura inilize," mwingine anadakia, "Yangu ilifanya hivyohivyo, kumbe ni waya," na katika kusimuliana huko wanaipata dawa. Bosi akipita anaona watu wamekaa wanapiga soga.

Kampuni ileile, miaka ya 1990, ikaanzisha mfumo walioupa jina la Eureka, wakianzia Ufaransa. Fundi anaandika dokezo fupi: tatizo, chanzo, dawa. Mafundi wenzake wanalipima kama ni la kweli, na likipita linawafikia wote likiwa na jina la aliyelileta. Kwa dokezo hakuna aliyelipwa posho. Jina lake mbele ya mafundi wenzake lilimtosha. Linganisha na fomu yenu, ambayo nina hakika haina hata mahali pa kuonyesha nani aliisoma.

Kwa hiyo iache kompyuta kwanza. Nunua kauntabuku moja, funga kalamu kwa uzi, itundike karibu na mashine. Kwa wiki mbili, kila mtu atakayeacha kazi kumfuata au kumpigia Babu aandike: saa, swali, na mashine ilisimama dakika ngapi. Mstari mmoja, basi. Niliwahi kufanya hivyo stoo, siku za hasira, nikiamini naulizwa maswali mia kwa siku. Nilipohesabu nikakuta maswali kumi na moja yanayozunguka, na manne kati yake lilikuwa swali moja lililobadilisha kanzu. Na wewe utakuta hivyo. Beringi ya shafti ni namba ngapi. Mkanda ukazwe kiasi gani. Mashudu yakiganda ndani, unazima kipi kwanza na unafungua wapi. Hayo mwambie Babu ayaseme, kijana ayaandike, na yaende kwenye bati kwa rangi, lipigwe ribiti palepale mtu anaposimama akiwa amekwama. Chini ya bati, jina la Babu.

Sasa tuje kwenye "Utaona tu, mwanangu."

Nimewahi kumtazama fundi wa kukamua, kwa shemeji yangu Iramba. Mashudu yanapotoka anayaokota yangali moto, anayavunja karibu na sikio. Yakikatika kwa sauti kavu anaendelea na mambo yake. Yakipinda badala ya kuvunjika, anajua ama mbegu zina unyevu ama mdomo wa mashine umelegea, na anazungusha nati kidogo, kidogo mno, ukipepesa macho hukuona. Akikaza kupita kiasi mota inazidiwa na kujizima, na shafti inalika. Akilegeza, mafuta yanaondoka na mashudu wanakwenda kuyala ng'ombe. Nikamwuliza, unazungusha kiasi gani? Akacheka. Sikuudhika, maana hata mimi ukiniuliza chumvi ya mchuzi wangu ni kiasi gani nitacheka.

Mwaka 1985 kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa inahangaika na mashine ya kuoka mkate nyumbani. Ganda linaungua, ndani ungali mbichi. Walifika mahali pa kupiga donge la unga picha za eksirei na kulilinganisha na la mwokaji stadi. Hawakuambulia kitu. Mwisho msanifu wao mmoja wa programu, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kazi kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka. Kwa kusimama naye kwenye unga ndipo alipoona namna mwokaji anavyolivuta na kulisokota donge. Akarudi kwa wahandisi, wakahangaika mpaka wakatia mbavu ndani ya mashine ili usokotaji ule upatikane, na mkate ukaiva. Ikujiro Nonaka, msomi wa Kijapani, ndiye aliyekieneza kisa hicho, na tangu hapo wenye makampuni wanakisimulia sana, ingawa wengi wao wakishamaliza kukisimulia wanakwenda kununua programu.

Babu huenda amekupa jibu la haki kabisa. Utaona. Basi panga vijana wawili waone. Wasiwe nyuma yake wakibeba kikapu cha spana. Wao ndio waokote mashudu, wao wazungushe nati, yeye asimame kando akiwakosoa. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: mwanafunzi anapunguza kasi. Mashine moja itatoa mafuta pungufu kwa miezi kadhaa. Mwambie meneja leo, kwa maandishi, lengo la mashine hiyo lishushwe. Usipofanya hivyo, siku ya tatu tu mtamrudisha Babu kwenye nati kwa sababu ya haraka, na vijana watarudi kwenye kikapu.

Lakini pia huenda Babu ana maringo, au ana hofu. Hilo siwezi kumsingizia mtu, ila nalijua kwa sababu liliwahi kunikaa mimi.

Nilipofika stoo nilikuta vipuri vimeandikwa kwa namba za mtengenezaji wa mashine, tarakimu ndefu kama namba za simu. Taratibu nikagundua kwamba nyingi za beringi zile ni za kawaida tu. Beringi inayoitwa 6205 ni 6205 popote duniani: tundu milimita 25, upana wa nje 52, unene 15. Hata kanuni yake nilifundishwa na fundi mmoja, kwamba zile tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04 kwenda juu, ukizizidisha kwa tano unapata tundu, 05 mara tano ni 25. Kwa hiyo nikawa na kijidaftari changu: namba ndefu ya kitabu cha mashine upande huu, namba ya kawaida upande ule. Niliokoa fedha nyingi kwa kijidaftari kile. Kilikaa wapi? Kwenye mkoba wangu. Sikumwonyesha mtu. Fundi akija dirishani na namba ndefu, nafungua mkoba, nageuka ukutani kidogo, halafu nakwenda kwenye shelfu kama mganga.

Mwaka nilipolazwa kwa upasuaji, mashine moja ya ufumaji ilisimama siku tatu ikisubiri beringi iagizwe. Beringi yenyewe ilikuwa shelfu ya pili, mkono wa kulia, boksi sita, chini ya namba nyingine. Waliponisimulia wodini nilisikitika kwa mdomo. Moyoni nilifurahi. Nilijiona mtu. Nimechukua miaka kukiri jambo hilo, na leo nalikiri gazetini.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu mwaka uliotangulia walipunguza watu, na waliobaki ni wale ambao kazi zingekwama bila wao. Funzo hilo nilipewa na mwajiri, sikulibuni. Sasa jiulize, Babu amefunzwa nini na kiwanda chenu miaka yote hii? Akishawapa kila kitu Novemba, Desemba anapewa nini, keki na saa ya ukutani? Kabla hujamwomba siri, nenda kwa meneja uombe mkataba mfupi wa ualimu baada ya kustaafu, hata siku mbili kwa wiki kwa miezi sita. Nenda nao kwa Babu mkononi. Nenda nyumbani kwake, si ofisini, na usiende mikono mitupu.

*

Bi Masjala, shikamoo. Nafanya kazi kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa. Kazi yetu yote iko kwenye magrupu ya WhatsApp, tisa kwa hesabu yangu. Asubuhi saa nzima naitumia kutafuta hati: nani aliituma, grupu gani, ni ile ya kwanza au iliyorekebishwa. Kwenye kompyuta ndio balaa, faili zinaitwa "orodha mpya", "orodha mpya sahihi", "orodha mpya sahihi ya mwisho 2". Siku za bure za kontena zikipita mteja analipishwa kwa kila siku, na lawama zinanishukia mimi. Nimependekeza tununue mfumo, bosi anasema ghali.
*Karani, Mombasa*

Marahaba mwanangu. Bosi wako ana haki kwa bahati mbaya. Ukinunua mfumo leo mtamwaga humo "orodha mpya sahihi ya mwisho 2" na kesho utaitafuta kwenye mahali pa kumi.

Nilipoingia masjala nilimkuta mzee mmoja aliyekuwa anajua kila faili kwa kichwa. Unataja jina, anakwenda moja kwa moja. Mabosi walimsifu. Mungu amrehemu, alipopata kiharusi tuligundua kwamba mafaili yalipangwa kwa kumbukumbu za maisha yake: faili la ardhi la mtu fulani lilikaa na la shule kwa sababu yule mtu alikuwa mwalimu. Tulichukua miezi kuyapanga upya, na wananchi wakawa wanaambiwa "njoo wiki ijayo". Ndipo nikaelewa kwa nini wakubwa zetu walikuwa wakali na mambo yale yaliyotuchosha ujana: faili moja kwa jambo moja, namba kwenye faili, kila karatasi ndani yake ipigwe namba kwa mfuatano, na faili likitoka chumbani liandikwe kwenye daftari limekwenda kwa nani na lini. Ile "Kumb. Na." unayoiona juu ya barua za serikali ndiyo anwani ya nyumba ya barua hiyo. Mgeni yeyote akiwa na namba hiyo anafika bila kuuliza mtu.

Ninyi mna bahati ambayo masjala hatukuwa nayo. Namba ya faili lenu imeshapigwa rangi mlangoni pa kontena: herufi nne na tarakimu saba, hakuna kontena jingine lenye namba hiyo. Fungueni folda moja kwa kila kontena, jina la folda liwe namba hiyo na si jina la mteja, maana mteja mmoja ana makontena kumi. Ndani yake, kila hati ianze kwa tarehe, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, halafu neno la kusema ni hati gani. Ukifanya hivyo zinajipanga zenyewe, ya karibuni inakaa mwisho, na neno "sahihi" na neno "mpya" yafukuzwe kabisa katika majina. Hati ya zamani isifutwe, iwekwe kwenye folda ndogo ndani.

WhatsApp msiiache, hamtaweza. WhatsApp ni baraza. Watu wanakaa, wanaulizana, wanataniana, mambo yanakwenda upesi, na ni vizuri. Ila baraza si kabati. Jambo likikatwa barazani, mtu mmoja mwenye zamu alipeleke kwenye folda siku hiyohiyo kabla hajafunga ofisi, hata kama ni kwa kupiga picha ujumbe. Mtu mmoja, kwa jina, kwa wiki. Mkisema "sote tutafanya" nitapokea barua yako nyingine mwezi ujao.

Na ile saa yako ya asubuhi, iandike. Siku kumi, dakika ngapi umetafuta, na kontena gani lilipita siku za bure kwa sababu hiyo. Bosi anayeona mfumo ni ghali hajawahi kuonyeshwa bei ya kutafuta.

*

Assalaam aleykum Bi Masjala. Nasimamia usafi wa vyumba kwenye hoteli, Nungwi. Kila chumba kina karatasi ya ukaguzi yenye mambo 40 ya kutia tiki. Nimewakamata wasichana wakitia tiki za vyumba vyote jioni, wamekaa, wanakunywa chai. Na wageni bado wanalalamika taulo, balbu, maji ya moto. Niwape onyo la maandishi?
*Msimamizi, Unguja Kaskazini*

Waaleykum salaam. Onyo liweke kando kwanza, nikupe kisa cha karatasi moja iliyopita nchini kwetu.

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi ya ukaguzi kwenye vyumba vya upasuaji katika hospitali nane za miji minane. Miongoni mwake London, Toronto, Manila, na ya kwetu, Ifakara. Karatasi ilikuwa na mambo 19 tu, yanayosomwa kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa. Mojawapo ni kwamba kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake. Vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa mia, na matatizo makubwa kutoka 11 hadi 7. Dunia ikashangilia. Jimbo la Ontario, Kanada, likaagiza hospitali zake zitumie karatasi hiyo, na mwaka 2014 matokeo ya hospitali 101 yakachapishwa: hakuna tofauti ya maana. Watu wamebishana sana kuhusu sababu. Mimi nakubaliana na wanaosema kwamba kuamriwa kutia tiki na kusimama pamoja mkasomeana ni mambo mawili mbali, hata kama karatasi ni hiyohiyo.

Mambo yako 40 yaliandikwa na nani? Natabiri kwamba kila mgeni alipolalamika, mtu aliongeza mstari. Kaa na wasichana hao kwenye hiyohiyo chai, waulize: nini kinasahaulika kweli? Kutandika kitanda hawasahau, futa. Watakutajia matano au sita, na nadhani nusu hayamo mikononi mwao. Balbu anayo fundi umeme, maji ya moto anayo fundi bomba. Msichana anatia tiki "balbu" kwa sababu alishasema mara tatu balbu haikuja. Baki na hayo sita, wayaseme kwa mdomo wanapokabidhi chumba kwa mapokezi, na kila kilicholalamikiwa kipate jibu kabla ya saa kumi. Akishaona aliyoyasema yamefanyiwa kazi, tiki zake zitakuwa za kweli.

*

Habari yako Bi Masjala. Niko Nairobi, nahudumia wateja kwa simu na ujumbe, mwaka wa sita sasa. Nimekuwa nambari moja kwenye timu mara nyingi. Sasa wameleta akili mnemba. Inasoma mazungumzo yetu na kumpendekezea mhudumu la kumjibu mteja. Watoto waliojiunga miezi miwili iliyopita wananikaribia, na nikisoma mapendekezo yao naona maneno yangu mwenyewe, hata ile namna yangu ya kumtuliza mteja aliyekasirika. Bonasi yetu ni ya nafasi kwenye timu. Je, nianze kujibu vibaya makusudi?
*Nambari moja wa zamani, Nairobi*

Usijibu vibaya. Mteja hana kosa, na wewe hutaweza, utaumwa. Lakini hujaota.

Mwaka 2023 wachumi watatu, Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond, walitoa utafiti juu ya jambo lako hilihili. Waliangalia wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000, wengi wao Ufilipino, walipoletewa chombo kama chenu. Matatizo yanayotatuliwa kwa saa yalipanda kwa wastani wa asilimia 14. Kwa wageni wa kazi yalipanda asilimia 34. Kwa wazoefu na stadi, karibu hakuna. Wenyewe wanaeleza kwamba inaelekea chombo kilikuwa kinachukua mbinu za walio bora na kuwapa wanaoanza. Kwa maneno ya masjala: kijidaftari cha mkobani kimetolewa nakala, kikagawiwa kila dirisha, na mwenye mkoba hakuulizwa.

Kwa kampuni ni neema, na kwa wale watoto pia, tusiwaonee wivu. Kasoro iko kwenye bonasi. Bonasi ya nafasi ilitungwa wakati kila mtu anashindana kwa akili yake. Sasa umekuwa mwalimu wa darasa zima na unapimwa kwa mtihani mmoja na wanafunzi wako, ambao majibu yako wanayo mezani. Hilo ndilo la kumpelekea meneja, tena bila machozi. Mwombe saa maalumu kwa wiki za kupitia mapendekezo ya hicho chombo na kusahihisha yaliyo mabovu, kwa cheo na malipo yake, maana kuna siku bidhaa itabadilika na chombo kitaendelea kupendekeza majibu ya mwaka jana kwa kujiamini kabisa. Na kuanzia leo weka hesabu ya simu unazopewa. Nashuku nyepesi zote zinakwenda kwa wageni na wewe unabaki na zile ngumu, za dakika arobaini, halafu jioni mnahesabiwa idadi. Kama ni hivyo, hesabu yako ya mwezi mmoja itasema kuliko malalamiko.

Andika barua, usiende kwa mdomo tu. Tarehe, hesabu zako, ombi lako. Nakala moja ibaki kwako. Na usicheke, mwanangu, iwekee na Kumb. Na., ili mwakani atakayesema hajawahi kuiona umtajie namba akaitafute.